Unga kwa mwenye siliaki: mashine ya mtaani, pakiti ya dukani na blenda ya nyumbani

Mtu akithibitishwa kuwa na ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo kuharibika kila anapokula gluteni (protini ya ngano na jamaa zake), hapa Afrika Mashariki hupewa habari njema palepale: zilizokatazwa ni ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano), ugali wake haujaguswa. Mahindi, mtama, ulezi (wimbi kwa Wakenya), uwele, mchele na muhogo havina gluteni. Ni kweli, nafaka ikiwa bado punje. Ikishasagwa, jibu linabadilika kulingana na mashine iliyoisaga na kilichopita ndani yake kabla. Ndiyo maana tathmini hii inawapima wasagaji kuliko inavyopima nafaka.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kila unga utaonekana mzuri. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 za gluteni kwa kilo. Unga wa ngano wenyewe una gluteni karibu gramu 8 katika kila gramu 100. Kwa hiyo robo gramu tu ya unga wa ngano, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili, ikiingia katika kilo moja ya sembe imeshafikisha kikomo. Kijiko kimoja cha chai, gramu 3 hivi, kina miligramu 240. Ukipenda kuhesabu kwa punje, punje ya ngano ina uzito wa miligramu 35 hadi 40, basi punje 7 ndani ya kilo nzima zinatosha.

Sasa upande wa mlaji. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utando wa utumbo mwembamba. Anayekula ugali mara mbili na uji asubuhi hufikisha gramu 400 za unga kwa siku bila shida. Unga ukiwa na miligramu 20 kwa kilo, amepata miligramu 8, na hapo hana neno. Ukiwa na 150, amepata 60. Kwa Mzungu anayekula vipande viwili vya mkate maalumu kwa siku, unga uliochafuka kidogo ni jambo dogo. Kwetu sisi tunaokula unga kama chakula kikuu, uchafu uleule ni dozi kamili.

Mashine ya kusaga ya mtaani

Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na unga wake hunukia kuliko wowote. Kwa mwenye siliaki, ndiyo pia njia yenye mitego mingi.

Chanzo kikubwa cha ngano katika mashine za mtaani ni unga wa lishe. Mteja huleta mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele na mara nyingi ngano, vyote katika ndoo moja, vikasagwa kwa pamoja. Baada yake unafuata wewe na mahindi yako. Maeneo yanayolima ngano, kama Hanang, Narok na Uasin Gishu, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ngano huletwa ikiwa peke yake, kwa magunia. Narok kuna na shayiri.

Mashine ya nyundo haijisafishi yenyewe. Unga hubaki sehemu tano: kwenye hopa (faneli ya kumiminia nafaka), hasa pembeni panapounganishwa, ndani ya chumba cha nyundo, kwenye matundu ya chekeche, kwenye feni na bomba, na kwenye saikloni, lile pipa lenye umbo la koni. Lakini pabaya kuliko pote ni mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomoni pa saikloni. Kitambaa hukamata unga mwembamba katika nyuzi zake, tabaka juu ya tabaka, na msagaji mwema asiyetaka kukudhulumu hata kiganja huukung'uta mwishoni ili upate unga wako wote. Hapo ndipo ngano ya aliyetangulia inapodondoka kwenye ndoo yako.

Kumwuliza msagaji "mnasaga ngano?" hakusaidii. Atajibu "ah, kidogo tu", na kwake huo ni ukweli wa kukutuliza moyo. Uliza hivi: "Kaka, lishe mnasagia mashine ipi?" Wengi wana mashine mbili au tatu, na baadhi wametenga moja ya lishe na soya kwa sababu mafuta ya soya na karanga huziba chekeche. Ukipata mwenye utaratibu huo, na mashine ya pili ni ya mahindi ya dona au sembe peke yake, umepata msagaji wa kudumu naye. Kama mashine ni moja na lishe hupita humo, jibu letu ni hapana, hata ukiwahi asubuhi wa kwanza. Kuwahi kunasaidia pale tu mashine ilipofunguliwa na kusafishwa usiku, na wachache hufanya hivyo kila siku.

Kwa mashine ya mahindi tu, bado kuna mambo matatu ya kufanya. Nenda na mfuko wako wa kitambaa, mita mbili za pamba zilizoshonwa kama mrija, uufunge mwenyewe. Omba chekeche ipigwe-pigwe chini au ibadilishwe. Huwa wanazo mbili tatu ukutani, za matundu madogo na makubwa. Kisha pitisha kwanza kilo 5 za mahindi yako, na unga huo wape kuku. Hatua hii ya mwisho inapunguza mabaki, haiyamalizi, kwa hiyo usiitumie kuihalalisha mashine ya lishe.

Alama: nzuri kabisa ikiwa mashine imetengwa. Isipotengwa, haifai.

Tumbo si kipimo

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu sifa nyingi za unga huu au ule zinatokana na msemo mmoja: "nimekula, sikuumwa". Kwa siliaki, ushahidi huo hauna uzito. Mmoja akila ngano huharisha siku hiyohiyo, mwingine hufunga choo, wa tatu hujaa gesi na akadhani ni maharage. Wako wasioumwa tumbo hata kidogo: dalili yao ni upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au vidonda vya mdomo vinavyorudi, ganzi ya miguu, uchovu, mifupa kuvunjika kirahisi, mimba kuharibika mara kwa mara. Watoto huweza kudumaa au kuchelewa kubalehe, na enamel ya meno yao ya ukubwani ikatoka na madoa na mabonde. Kuna pia malengelenge madogo yenye muwasho mkali kwenye viwiko, magoti na makalio, ambayo kwa macho hufanana na upele au mzio wa kawaida. Mtu mwenye dalili za aina hii anaweza kula unga mchafu mwaka mzima na akausifu.

Kipimo bora kuliko tumbo ni damu. Kingamwili za tTG-IgA, zinazopanda mwenye siliaki akila gluteni, zikipimwa baada ya miezi 6 na tena baada ya 12 tangu kuacha gluteni, zinapaswa kuwa zinashuka. Zikigoma kushuka na chapati huli, anza kuuchunguza unga. Ambaye bado hajapimwa asiache ngano kwanza: kipimo kinahitaji mwili uwe unakutana na gluteni, na mwongozo wa Uingereza unataka iliwe katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Pamoja na tTG aombe IgA ya jumla (kiasi chote cha kingamwili za aina ya IgA mwilini), kwa kuwa mwenye upungufu wa IgA huonekana mzima kwenye karatasi ilhali anaumwa.

Nafaka ya sokoni kabla haijasagwa

Kopo la kupimia ni moja kwa magunia yote, na magunia yenyewe huzunguka: lililobeba ngano msimu uliopita leo lina mtama. Kwa bahati nzuri punje huonekana, unga hauonekani. Ndiyo sababu ya kununua punje.

Tandaza gramu 250 kwa wakati mmoja kwenye sinia lenye rangi tofauti na nafaka, pitia mara mbili. Ulezi ndio rahisi: ni mdogo sana, pitisha kwenye chekeche ya matundu madogo, ngano itabaki juu. Mahindi ni kinyume chake, tumia matundu ya milimita 6 hivi ili ngano idondoke na mahindi yabaki. Mtama ni wa duara na ngano ni ndefu yenye mfereji tumboni, jicho linaikamata. Mchele ndio wa kuchosha, maana maumbo yanakaribiana na kinachosaidia ni rangi tu. Baada ya kuchambua, osha kwa maji ya kubadilisha mara mbili, kisha anika kwenye turubai ambalo halijawahi kuanikiwa ngano. Nafaka ikauke kwelikweli, unyevu usizidi asilimia 13.5, kwa sababu anayekula mahindi pekee mwaka mzima yuko pia karibu na sumukuvu kuliko wenzake. Kwa hilo tunapendelea zamu: mahindi, mtama, muhogo, wali, ndizi.

Pakiti ya supamaketi

Alama ya TBS au KEBS kwenye pakiti inahusu ubora wa bidhaa husika. Haisemi lolote kuhusu gluteni, na tumeona wengi wakiisoma hivyo. Viwanda vikubwa vinavyosaga mahindi mara nyingi husaga na ngano, pengine kwa mitambo tofauti ndani ya boma moja. Onyo la "huenda ikawa na chembe za ngano" likiwepo, amini. Lisipokuwepo, hujaambiwa kitu. Kati ya pakiti za kawaida, za unga wa muhogo mtupu na unga wa mchele kutoka kwa wasindikaji wadogo wasiogusa ngano zina nafasi nzuri zaidi, lakini piga simu iliyoko kwenye pakiti uulize mashine hiyohiyo inasaga nini kingine. Unga wa uji wenye nafaka nyingi uuache tu, hata kama ngano haikuandikwa. Shayiri huingia kwa jina la malti, katika vinywaji vya unga vya asubuhi na katika nafaka za kuliwa na maziwa.

Pakiti za nje zenye nembo ya suke lililokatwa, au cheti cha GFCO (shirika la kuthibitisha vyakula visivyo na gluteni) kinachodai gluteni isizidi miligramu 10 kwa kilo, ndizo salama kuliko zote tulizozitaja. Schär wa Italia na Bob's Red Mill wa Marekani wanapatikana katika baadhi ya maduka makubwa, ingawa kwa huyu wa pili angalia maandishi, kwa sababu anauza pia unga wa ngano kwa pakiti zinazofanana. Bei yake si ya ugali wa kila siku. Weka kwa keki.

Blenda na mashine ndogo ya nyumbani

Kwa familia yenye mgonjwa mmoja, hapa ndipo tunapopendekeza pesa ziende. Jagi la blenda la kusagia vitu vikavu hubeba gramu 200 hadi 250. Saga sekunde 30, pumzisha dakika moja, rudia mara tatu, chekecha, kilichobaki juu kirudi ndani. Anayesaga mfululizo huunguza mota, na unga ukipata joto hushikamana pembeni. Ulezi na mchele hutoka vizuri. Mahindi makavu yanaichosha blenda. Kwayo tafuta mashine ndogo ya chuma yenye mfuniko wa kufunga, ya gramu 500 hadi kilo 1, na usiijaze zaidi ya nusu. Jagi liwe la kazi hii pekee. Kinu cha mti kinafaa ikiwa hakijawahi kutwangiwa ngano. Kikiwa kimetwangiwa, nyufa zake hazioshiki.

Kwa watu wa pwani kuna njia ya mkato isiyohitaji unga kabisa. Mchele wa vitumbua na wa mkate wa kumimina huloweshwa saa 6 hadi 8 na kusagwa mbichi pamoja na tui zito, basi mchele ukiwa umechambuliwa ngano haina pa kuingilia. Hivyo vya kununua barabarani ni habari nyingine: wauzaji wengi huongeza unga wa ngano ili vitumbua vishikane, na bajia za dengu hukaangwa katika karai lililotoka kukaanga maandazi.

Chapati huwezekana pia. Gramu 200 za unga wa muhogo, 100 za mtama, kijiko kimoja cha chakula cha isabgoli (maganda ya mbegu za psyllium, ya kushikanisha donge), chumvi, vijiko viwili vya mafuta, kisha maji yanayochemka karibu mililita 250, ukikoroga kwa mwiko kabla ya kukanda kwa mkono. Maji ya vuguvugu hayatoshi: wanga wa muhogo usipoiva kidogo, donge hukatika unapolisukuma. Sukuma kati ya karatasi mbili za nailoni, choma kwa moto wa wastani, na ziliwe zikiwa za moto, maana zikipoa hukakamaa.