Baiskeli ya mtumba ya gia 21: mwaka na ushee nikipanda nayo Bugando

Nianze na mayai, maana ndiyo yaliyonipeleka kwenye baiskeli ya gia. Nafuga kuku wa mayai Buswelu, na kila Jumanne na Ijumaa nafunga trei 8 kwenye keria, yaani mayai 240, nawapelekea wateja: duka moja Kirumba na mama lishe watatu jirani na Hospitali ya Bugando. Kushuka Sabasaba, Pasiansi mpaka Kirumba hakuna neno. Neno liko Bugando. Wenyeji wa Mwanza mnaijua ile hospitali ilivyokaa juu ya kilima. Mtu mzima akipanda kwa miguu anafika mapokezi naye anahema kama mgonjwa.

Miaka yote hiyo nilikuwa na Phoenix, baiskeli ya gia moja. Siisemi vibaya, imenilea. Lakini Phoenix haina mjadala na mlima: ama unaweza, ama unashuka unasukuma. Na kusukuma mayai ni kazi kuliko kuyaendesha, mkono mmoja usukani, mkono mwingine umeshika trei, mguu unatafuta jiwe la kukanyaga. Siku moja ya mvua za Aprili gurudumu la nyuma liliteleza, trei mbili na nusu zikaisha hapo hapo. Mayai mengine yalipasuka ganda tu, nikayarudisha nyumbani. Siku tatu tulikula mayai asubuhi, mchana na usiku, mpaka binti yangu akauliza, "Baba, kwani dagaa zimeisha ziwani?"

Basi mwezi wa kwanza mwaka jana nikaenda soko la mitumba la Mlango Mmoja. Muuzaji alianzia shilingi 230,000, tukashindana mpaka 165,000 na kengele juu. Ni baiskeli ya matairi ya inchi 26, fremu ya chuma, rangi iliyowahi kuwa bluu, na chini ya siti imebandikwa stika ndogo ya namba ya usajili, maana Wajapani husajili baiskeli zao. Jina la kiwanda limefutika, kwa hiyo msiniulize. Kilichosomeka ni Shimano tu, kwenye vifaa vya gia. Kwa wasioijua, ni kampuni ya Sakai, Osaka, ilianza 1921, na kitu cha kwanza walichotengeneza kilikuwa friwili, yaani ule mzigo wa meno ya gurudumu la nyuma. Karne nzima wanashughulika na meno ya nyuma, si haba.

Muuzaji aliniambia "gia ishirini na moja" kama anayetaja mahari. Mbele sproketi tatu, yaani yale maduara ya meno yanayoshika cheni, nyuma saba, tatu mara saba ni 21, hesabu haina kosa. Ila nilipofika nyumbani nilikaa nayo barazani na chaki nikahesabu meno. Mbele 42, 34 na 24. Nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Sasa gawanya ya mbele kwa ya nyuma, ujue pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara ngapi: 42 kwa 24 ni 1.75. 34 kwa 20 ni 1.7. 24 kwa 14 ni 1.71. Hizo ni gia tatu kwenye hesabu ya muuzaji, lakini mguu haujui tofauti yake. Ukizichambua hivyo zote zinabaki kama 12 zenye maana, na mimi kwa kweli natumia tano. Kwa hiyo anayekupandishia bei kwa sababu ya 21, mwambie akuonyeshe meno ya sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Hapo ndipo penye mlima.

Mwezi wa kwanza niliona nimepata. Nikiweka 24 mbele na 28 nyuma, nafika karibu na juu bila kushuka. Karibu. Zile mita za mwisho kabla ya njia kukaa sawa, na trei 8 nyuma, magoti yalikuwa yanalia. Nilishuka mara tatu katika wiki nne, na kila nikishuka mama lishe mmoja ananiambia, "Pole baba Neema, leo nayo imegoma?" Hiyo "nayo" iliniuma.

Ndipo nikaanza kukaa kwenye kijiwe cha fundi mmoja Nyakato, chini ya mwembe, Jumapili baada ya ibada. Jina lake silitaji, hajaniomba tangazo, lakini ukifika ukaulizia fundi wa baiskeli za gia utaonyeshwa. Pale watu hawazungumzi siasa wala Yanga na Simba, ni "we unavuta ngapi kwa ngapi?" Kuna mzee mstaafu mwenye Phoenix yake ya tangu zamani, 48 mbele na 20 nyuma. Kuna dogo anayeshindana mbio za baiskeli za Kanda ya Ziwa, ana baiskeli nyembamba kama fimbo, 52 na 39 mbele, nyuma 12 mpaka 25. Na mimi na keria yangu ya mayai.

Jumapili moja ubishi ulikolea. Mzee anasema gia ni ulegevu, dogo anasema mzee hajui hesabu. Fundi akachoka, akatoa futi ya kushonea ya mkewe. Kila mtu akapiga alama ya chaki kwenye tairi, pedeli ikawekwa chini kabisa, tukasukuma baiskeli kurudi nyuma mpaka pedeli ikazunguka mara moja kamili, tukapima sakafuni imekwenda umbali gani. Phoenix ya mzee: mita 5 na sentimita 38. Dogo kwenye gia yake nyepesi kuliko zote: mita 3 na kitu. Yangu, 24 kwa 28: mita 1 na sentimita 76. Watu wakakaa kimya kidogo. Ina maana kila mzee anapokanyaga mara moja, mimi nakanyaga mara tatu, lakini kila kanyago langu ni theluthi ya uzito wake. Dogo akasema, "Sasa unaona mzee, wewe unapanda Bugando kwa gia ambayo mimi naitumia tambarare." Mzee akajibu kwamba yeye Bugando haendi, akiugua atapanda daladala.

Fundi ndiye aliyetoa wazo. Akasema zipo friwili za Shimano za saba ambazo sita za kwanza ni zile zile, 14 mpaka 24, halafu ya mwisho inaruka mpaka 34. Ukigawanya 24 kwa 34 unapata 0.7, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko. Nikaitafuta wiki mbili, nikaipata kwa 22,000 pamoja na cheni mpya.

Kabla ya kumpelekea yeye nilifanya ujinga. Alikuwa amesafiri, nami nina haraka, nikampa fundi mwingine, sisemi wa wapi. Yule bwana akachukua patasi na nyundo akaanza kugonga friwili ya zamani ili ifunguke. Ikang'oka vipande, gololi zikamwagika kwenye mchanga kama mtama, na nyuzi za haba, kile kitovu cha gurudumu, zikaumwa kidogo. Friwili hufunguliwa kwa kifaa chake chenye meno kinachoingia katikati, unakibana kwa spana kubwa, unazungusha mara moja imeachia. Yule wa mwembeni anacho. Uliza kabla hujashusha baiskeli: "Fundi, kifaa cha friwili unacho?" Akianza kutafuta nyundo, ondoka.

Fundi wa mwembeni aliporudi akaisafisha haba, akaweka grisi, akafunga ile mpya na kurefusha cheni. Akanionya jambo moja: 42 ya mbele na 34 ya nyuma zisikutane kamwe, maana cheni inavutika mpaka ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni unaweza kung'oka na kuingia kwenye spoki. Ufundi wote 12,000, na soda alininunulia yeye.

Nikapima tena kwa futi ile ile: mita 1 na sentimita 45. Tofauti na ya mwanzo ni sentimita 31, urefu wa rula ya mtoto wa shule. Lakini rula hiyo ndiyo iliyokuwa inanishusha. Ijumaa iliyofuata nilipanda Bugando na trei zote 8, nimekaa kwenye siti muda wote, mwendo wa kinyonga, mwanamke mwenye ndoo kichwani akanipita akaniangalia kwa huruma. Na anipite. Nilifika na mayai 240 na pumzi ya kusalimia.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Kwanza huo mruko wa 24 kwenda 34. Miguu inakuwa imezoea uzito, ghafla inazunguka hewani kama umekanyaga ngazi ambayo haipo. Ukibadilisha umechelewa, katikati ya mlima huku unakandamiza, cheni inalia "kra" na inagoma kupanda. Lazima uwahi, ulegeze mguu nusu mzunguko, ndipo uhamishe. Mimi nina alama yangu, mti mmoja kabla mlima haujakaza. Nikiupita mti nimechelewa.

Pili ni ekseli ya nyuma, na hapa ndipo Phoenix inapocheka. Friwili ya gia saba inakaa nje ya haba, kwa hiyo gololi za upande wa kulia ziko ndani sana, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa. Weka mzigo, ongeza mashimo, inapinda. Yangu ilipinda mwezi wa tano. Nilijua kwa sababu gurudumu lilianza kucheza kama limelewa. Ilikuwa ile ya ndani yenye tundu, ya kufungua kwa mkono bila spana. Fundi aliweka isiyo na tundu, ya kufunga kwa nati, 6,000, na mpaka leo imesimama. Baiskeli ya dogo haina ugonjwa huo. Gia zake za nyuma ni za kuchomeka na gololi ziko karibu na mwisho wa ekseli. Ila bei yake, acha kabisa. Phoenix nayo ina sproketi moja tu nyuma, ekseli haina nafasi ya kupinda. Mzee alinikumbusha hilo bila kuombwa.

Tatu, waya za gia na vumbi la Buswelu. Kila baada ya wiki sita hivi nazitoa, nazifuta, natia tone la mafuta ya cherehani. Usipofanya hivyo unaweka gia ya tatu inakuja ya nne.

Mwendo mrefu niliupima mara moja tu. Baada ya daraja la Kigongo–Busisi kuzinduliwa Juni 2025, nilikwenda Sengerema kwa shemeji yangu, bila mayai. Zamani pale ulisubiri kivuko mpaka unakula muhogo wa pili. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji. Nilidhani darajani nitatumia gia nzito kabisa, kumbe upepo wa ziwani mchana unakupiga ubavuni, nikashusha mpaka 34 ya mbele na 18 ya nyuma na bado nainama. Kwa safari kama hiyo baiskeli ya dogo ingenishinda mbali. Matairi yangu mapana yanaimba kwenye lami, na 42 ya mbele ni ndogo, ukishuka mteremko mguu unazunguka bure.

Jumla yangu mpaka sasa: baiskeli 165,000, friwili na cheni 22,000, ufundi 12,000, ekseli 6,000. Ni 205,000, sijaweka pancha. Kwa mtu wa Mwanza anayebeba kitu na anayeishi au kuuza mlimani, Bugando, Capri Point au kwenye mawe ya Mabatini, ningesema nunua, ila tenga kabisa pesa ya friwili ya 34. Kwa anayezunguka katikati ya mji tu, Phoenix ya mzee inatosha na itakuzika.

Jumapili iliyopita mzee aliomba aizungushe baiskeli yangu uwanjani. Akazunguka mara mbili, akashuka, akafuta siti kwa kiganja. Akasema breki ya nyuma haishiki. Ni kweli haishiki, naishughulikia Jumamosi.