Kirikuu au Hilux? Pima bodi kwanza

Mtu akipata mtaji wa gari la kazi, macho yanakimbilia Hilux dabo kebini. Nenda na futi ya kupimia. Bodi ya dabo kebini, yaani sehemu ya mzigo, ina urefu wa kama mita 1.5. Ya kirikuu, Suzuki Carry ile ile tunayoidharau, inafika mita 1.9, na kuta zake zinashuka pande tatu. Godoro la nne kwa sita linalala chali kwenye kirikuu. Kwenye dabo kebini utalisimamisha na kulifunga kamba.

Kwa biashara ya mjini, kirikuu naiweka namba moja bila kusita. Injini ya cc 660 haili mafuta kwenye foleni, na spea utazipata bila kuhangaika. Ila Wajapani waliitengeneza ibebe kilo 350, yaani mifuko 7 ya simenti. Anayejisifu kubeba 15 hakuambii spring amebadilisha mara ngapi. Ukinunua iliyotumika, inua kiti, kwa sababu injini imekaa hapo chini (dereva anaijua siku ya jua kali). Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na mara nyingi hiyo ni gasketi. Kisha jilaze chini utazame chesisi. Kirikuu iliyobeba samaki wa barafu huozea kwa chini huku rangi ikimeremeta.

Mzigo ukizidi hapo, au kama una safari za Morogoro kila wiki, chukua pikapu ya Toyota TownAce ya cc 1500. Inabeba kama kilo 800 na haihemi barabara kuu.

Hilux singo kebini ya dizeli inakuja ya tatu, lakini kwa mkulima wa bondeni ni ya kwanza. Tani moja ya mpunga, tope la masika: tairi za inchi 12 za kirikuu hazina kazi huko.

Dabo kebini ni ya mwisho. Inamfaa mkandarasi anayebeba mafundi wanne na vifaa vyao. Mwenye duka anakuwa amelipia viti.

Kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji mpakie mzigo halisi, mpande mlima kwa gia ya pili, kisha mzime na kuwasha tena injini ikiwa ya moto.