Gereji iliyobadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika

Siandiki haya ili kumharibia mtu riziki. Au labda ndiyo, maana hasira bado ninayo.

Gari langu la zamani lilianza kugoma kuwaka. Unazungusha ufunguo, unasikia "tik" moja, basi. Ukirudi baadaye linawaka kama halikuwa na neno. Nilichogundua mapema ni kwamba wakati linagoma, taa za mbele zinang'aa vilevile. Betri ikiwa hoi, ukipiga stata taa hufifia. Tena nilikuwa nimeipima kwa mita gari likiwa limetulia, ikasoma volti 12.6. Hiyo imejaa.

Yote hayo nilimweleza fundi. Hata usoni hakuniangalia. "Bosi, betri imekufa hiyo." Akaweka mpya. Haukupita muda, tik. Nikarudi, safari hii akasema ni stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Akaifungua, akafunga nyingine, gari likawaka palepale, nami nikampa mkono kwa furaha. Asubuhi moja, tik.

"Sasa ni altaneta." Hapo ndipo nilipochemka. Injini ikinguruma, mita ilikuwa inasoma volti 14 na kitu kwenye betri, yaani inachajiwa, na altaneta ndiyo inayoichaji. Sasa ina kosa gani? Nikamuuliza, "Fundi, umepima nini hasa?" Akawageukia wenzake: "Mwoneni bosi na kimita chake! Gari la umri huu halipimwi, linauzwa chuma chakavu." Wakaangua kicheko, mmoja mpaka akaangusha spana.

Nililiondoa siku hiyohiyo. Fundi umeme mwingine alikuja, mtu wa maneno machache. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia nipige stata. Mshale ukaruka kupita volti mbili. Pale panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ikifika nusu volti tu, ujue umeme unakwama njiani. Akaufuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka injini hadi kwenye hasi ya betri, mpaka unapofungwa kwenye injini. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Alipochana mpira, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimebaki chache za kuhesabika. Taa zinakula umeme kidogo, na zina njia yao ya athi kwenye bodi. Stata inavuta mkubwa mno, na hizo nyuzi chache zisingeweza kuubeba. Waya mpya, msasa kidogo pale boliti inapokaa, kwisha. Tangu hapo linawaka mara moja.

Haki isemwe: breki walizonifungia zamani pale gerejini hazijanisumbua hata siku moja. Kwa breki ningesema nenda tu, wana mikono mizuri, na hawachelewi. Wala betri mpya si hasara sana, itanifaa.

Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana. Hata breki usipeleke. Maana nilipoifuata stata yangu ya zamani, ambayo sasa najua ilikuwa nzima, waliniambia wameitupa. Stata imejaa shaba ndani, hakuna gereji inayoitupa. Ameuziwa mwingine mwenye tik kama yangu, na nina hakika gari lake bado haliwaki.