Kusafishwa chini ya fizi ukiwa na kisukari: uzoefu wangu Kampala

Ninayoizungumzia ni huduma ya kusafisha chini ya fizi, si ule usafi wa kung'arisha meno unaotangazwa kwenye mabango. Nina kisukari aina ya 2, natumia metformini, dawa ya kushusha sukari, na fizi zangu zilikuwa zikitoa damu kila nikipiga mswaki.

Kwanza angalia kama wanapima. Daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino, huku msaidizi akiandika. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4, hasa pakitoka damu, hapo pana mfuko wa vijidudu usiofikiwa na mswaki. Kliniki isiyopima itakutoa ugaga unaoonekana tu, uondoke na meno meupe na ugonjwa wako uleule. Hapo umelipia urembo.

Mifuko yangu ya magego ilikuwa na milimita 5 na 6. Kinywa husafishwa sehemu kwa sehemu, kwa sindano ya ganzi: mashine ya mtetemo inayotoa maji hutangulia, kisha vyuma vya mkono hukwangua mizizi. Ulizia bei mapema, maana wengine hutoza kwa kila sehemu na wengine kwa kinywa kizima.

Mwenye kisukari achukue miadi ya asubuhi, akiwa ameshakula katogo yake (ndizi za kupikwa pamoja na mchuzi) na kumeza dawa kama kawaida, na abebe mashine ya kupimia sukari. Ganzi hukaa mdomoni saa mbili tatu. Aliyechoma insulini ya chakula akashindwa kutafuna, sukari itamshuka. Ikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, inywewe soda ya sukari kwanza, kiti kisubiri.

Kliniki yangu iliniandikia dawa ya kusukutua ya klorheksidini 0.2%, mililita 10 kwa dakika moja, mara mbili kwa siku, bila kunieleza kwamba ikizidi wiki mbili hivi huacha madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Wala hawakutaja kuacha nusu saa baada ya dawa ya meno, kwa sababu povu lake huipunguzia nguvu. Kasoro ya kweli hiyo. Na antibayotiki za kununua duka la dawa bila kuandikiwa, achana nazo: ugaga hauyeyuki kwa vidonge.

Baada ya miezi mitatu walipima tena. Mifuko mingi ilikuwa imerudi 3. Mmoja ulibaki 5 ukasafishwa upya. Fizi zikinywea, meno huonekana marefu na maji baridi huuma kwa muda. Nafasi mpya kati ya meno hunasa muchomo (nyama choma) na mahindi ya kuchoma, kwa hiyo nunua vibrashi vya katikati ya meno, saizi inayoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Uzi wa kusafishia meno hautoshi kwenye nafasi pana.

Je, sukari inashuka? Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu) hupungua kwa wastani wa karibu asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu hadi minne, mfano kutoka 8.5 hadi 8.1. Uvimbe wa fizi humwaga kemikali kwenye damu zinazofanya mwili uisikie insulini vibaya. Nayo sukari ya juu hudhoofisha chembe nyeupe, fizi zikazidi kuoza. Lakini kupungua huko ni kidogo, hakuchukui nafasi ya dawa, kwa hiyo metformini inaendelea palepale. Tena kwa huku kwetu, malaria iliyopunguza damu, selimundu au kuongezewa damu karibuni huweza kuidanganya HbA1c; linganisha na vipimo vya kidoleni.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile dawa ya kusukutua.