Injini ya Land Rover Series III: Nilivyoipima Bei Niliyotozwa

Injini ya petroli ya Land Rover yangu ya mwaka 1976 imefumuliwa na kuundwa upya mjini Arusha, katika gereji ndogo ya eneo la Unga Limited, kwa jumla ya shilingi 3,940,000. Nikiulizwa kama bei hiyo ni ya haki, najibu kwamba ni ya haki kwa kazi niliyoiona, isipokuwa kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda na kubeba valvu. Nawaandikia wenye magari ya zamani ambao hutajiwa bei moja ya mkupuo na kushindwa kujua kama wanaibiwa au wanapendelewa.

Awali nilikuwa na makadirio mawili. Gereji ya kwanza ilitaka 1,800,000 kwa kila kitu, ingawa hakuna aliyefungua hata kifuniko cha valvu. Ya pili ilitaka 6,500,000, na katika karatasi yake iliorodhesha beringi kuu tano za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) pamoja na viti vipya kwa valvu zote (pete ambazo valvu hukalia zikifunga), kwa maelezo kwamba petroli ya siku hizi haina madini ya risasi yaliyokuwa yakivilinda viti hivyo. Yote mawili yalikuwa ya kukisia. Injini hii ya sentimita za ujazo 2,286 ilikuwa na beringi kuu tatu mpaka karibu mwaka 1980, ndipo zikaanza kutoka za beringi tano. Anayemwandikia mwenye gari la 1976 beringi tano ama hajalitazama gari, ama ana orodha anayoinakili kwa kila mteja. Kuhusu risasi, petroli yenye risasi ilikoma katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, kwa hiyo injini yangu imekunywa isiyo na risasi kwa miaka mingi. Kama viti vingekuwa vinaliwa, valvu zingekuwa zinazama kwenye hedi na nafasi ya tapeti, uwazi mdogo unaoachwa juu ya valvu, ingepungua kila inapopimwa, jambo ambalo halikutokea. Bei ile ya chini nayo inawezekana tu kwa kubadilisha ringi na beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) na kuziacha silinda zilivyo, na kazi ya namna hiyo huondoa moshi wa bluu kwa msimu mmoja tu.

Fundi wa tatu, mzee aliyezeekea kwenye Land Rover, alikataa kabisa kutaja bei. Aliomba 120,000 za kuishusha injini, kuifungua na kuipima, akaahidi kwamba nikimpa kazi fedha hizo zitahesabiwa ndani ya ufundi wake. Katika gharama zote nilizolipa, hiyo ndiyo ninayoisifu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyozipa nyingine maana. Alipima kila silinda kwa kipimo chake juu, katikati na chini, kisha akakigeuza kipimo upande na kupima tena, akanionyesha kwamba zilikuwa zimeliwa zaidi upande mmoja na hazikuwa tena duara kamili. Kisha akakwangua masizi juu ya pistoni ya kwanza kwa kipande cha bomba la plastiki, taratibu asiikwaruze, zikajitokeza tarakimu zilizogongwa kwenye aluminiamu: 040.

Tarakimu hizo zilibadilisha hesabu yote. Maana yake ni kwamba silinda ziliwahi kuchongwa na kupanuliwa kwa inchi 0.040, yaani takriban milimita moja, na pistoni kubwa zaidi ya hapo si rahisi kuzipata. Njia iliyobaki ilikuwa kuingiza slivu, yaani mirija ya chuma inayovalishwa ndani ya silinda, na kuzirudisha silinda kwenye kipimo chake cha kiwandani, milimita 90.47. Migongo ya beringi za zamani ilisomeka 010, yaani inchi 0.010, hivyo kranki ilikuwa imekatwa mara moja na ilikuwa na nafasi ya kukatwa tena. Hakuna mtu ambaye angeyajua hayo kwa kuusikiliza mlio wa injini, na ndiyo maana siamini tena bei inayotajwa kabla ya kufungua.

Mchanganuo ulikuwa hivi. Spea zilichukua 2,180,000, zikiwemo pistoni na ringi zake, beringi, gasketi, cheni ya taimingi na usafirishaji kutoka Uingereza. Karakana ya kuchonga ilichukua 910,000, ambapo slivu nne zilikuwa 440,000, kranki 200,000 na hedi 270,000. Ufundi wenyewe ulikuwa 850,000, zaidi kidogo tu ya moja ya tano ya gharama yote. Hapo ndipo naona wengi wetu hukosea: tunambana fundi mpaka jasho limtoke, ilhali zaidi ya nusu ya fedha inaishia dukani, mahali ambapo tunalipa bila hata kudai risiti.

Rafiki zangu walinishauri niweke injini ya mtumba ya Toyota, na ni kweli ingekuwa nafuu. Hata hivyo, hesabu hiyo inasahau viunganishi vya giaboksi, vishikio vipya vya injini na namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, ambayo lazima irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato. Tena gari la umri huu lenye injini yake halisi lina thamani ambayo mnunuzi wa magari ya kale huitazama kwanza.

Matokeo yanaridhisha. Geji aliyoiunganisha fundi ilionyesha mgandamizo wa oili wa takriban paundi 50 kwa inchi ya mraba injini ikiwa moto, katikati ya kiwango cha 35 hadi 65 kinachotakiwa. Spea zote za zamani nilikabidhiwa kwenye boksi bila kuomba, na dhamana ya miezi sita iliandikwa na kusainiwa. Sili ya nyuma ya kranki, ambayo ni ugonjwa wa kawaida wa injini hizi, ilianza kuvuja mapema. Fundi aliirudia kazi hiyo bila kunitoza ufundi, nami nikanunua sili tu.

Kilichobaki ni hedi. Kwa 270,000 ilijaribiwa kwa maji kutafuta ufa, ikasawazishwa uso na valvu zikasagwa. Haikuwa na ufa, haikuhitaji viti vipya, na kilichoondolewa kwenye uso kilikuwa chembamba sana, ilhali kranki, iliyohitaji mashine na umakini mkubwa zaidi, ilitozwa 200,000. Niliuliza sababu, nikaambiwa ndiyo bei ya hedi zote. Injini nyingine ningempelekea mzee yule yule, lakini hedi ningeibeba mwenyewe kwenye karakana nyingine.