Tivii ya laki saba, wiki ya tatu imekufa (duka moja Mwanga, Kigoma)

Nimenunua tivii inchi 43 kwa laki saba na themanini, waranti mwaka mmoja, wiki ya tatu ukaingia mstari wa kijani upande wa kulia, mwembamba kama uzi, kesho yake sauti ipo picha hamna. Nikaibeba kwenye bajaji mpaka dukani, muuzaji hata kuiwasha hakuiwasha, kanionyesha tu karatasi ukutani "mali ikiuzwa hairudishwi" eti umeme wa kwangu ndo umeiunguza. Iliniuma jamani, ile hela nimeidunduliza miezi mitano!

Sasa sikilizeni, ile karatasi ya ukutani isiwatishe. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura 214, inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuuzika, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu waranti na haki zake. Nilichofanya, nilimwita fundi akaandika kwa mkono kwamba paneli (kioo cha picha) ndo mbovu, ila pawa saplai (sehemu inayopokea umeme) haina tatizo, nikaandika barua ya madai nikampa muuzaji siku saba, nakala akanisainia, nikamwambia zikiisha nafungua madai Mahakama ya Mwanzo na malalamiko napeleka FCC (Tume ya Ushindani).

Siku ya sita akanipigia mwenyewe, nikapewa nyingine mpya. Ila risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ndo iliniokoa, bila ile angenikana kabisa. Duka nalipa nyota moja, bei zao nzuri kweli ila huduma baada ya kununua hamna.