Intaneti ya kufanyia kazi katika mji wa ufukweni: ipi ununue, ipi uiache

Watu wengi huanza kwa kuuliza "Mbps ngapi?", yaani kasi ya intaneti ni kiasi gani. Mimi ningeliweka swali hilo mwishoni. Mkutano wa video wenye picha safi hutumia kama Mbps 3 hadi 4 kila upande, kwa hiyo kifurushi cha Mbps 200 hakitakusaidia kama mtandao unapotea kila robo saa. Uliza kwanza kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data, maana matangazo hutaja ya kupakua tu, yaani ya kupokea. Uliza data inachukua muda gani kwenda na kurudi. Uliza pia kinachotokea umeme ukikatika. Pwani ina la ziada: msimu. Wageni wakijaa, minara ileile iliyowatosha wenyeji sasa inahudumia maelfu ya simu zinazotuma video za machweo, na hapo ndipo utaona mtandao uliokuwa mzuri wiki iliyopita ukisuasua.

Kwa vigezo hivyo, faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa uzi mwembamba wa kioo, iko juu, na inayoifuata iko mbali kidogo.

Sababu si kasi peke yake. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, kwa hiyo chumvi ya hewa ya bahari haiuli kama inavyoula waya wa shaba. Tena katika mfumo unaotumika sana majumbani, vigawanyio (vifaa vya kuugawa uzi mmoja kwa nyumba nyingi) vilivyoko njiani kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako havihitaji umeme kabisa. Mtaa mzima ukiwa gizani, mradi kituo kina umeme na wewe una betri ndogo ya kuwasha kisanduku cha faiba na ruta, kazi inaendelea. Vifaa hivyo viwili mara nyingi hutumia volti 12 na umeme kidogo sana, hivyo UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ndogo ya volti 12 inavibeba kwa saa kadhaa. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu cha ziada, nunua hicho. Angalia volti na umbo la plagi kabla hujalipa.

Tatizo la faiba ni neno lenyewe, kwa sababu siku hizi kila kitu kinaitwa faiba. Nyumba nyingine faiba inaishia kwenye nguzo au kwenye jengo, halafu unaletewa waya wa shaba au mawimbi ya redio mpaka chumbani. Ukiwa unakodi, mwombe mwenye nyumba picha ya kisanduku cha ukutani. Uzi mwembamba wenye kichwa cha plastiki, mara nyingi cha kijani, ndio faiba. Ukiona waya wa simu ya zamani, hiyo ni shaba, na karibu na bahari siiamini.

Ya pili ni ruta ya 4G au 5G yenye laini ya simu. Wengi wataishia hapa, hivyo inafaa kuijua vizuri. Faida yake ni kwamba unainunua leo na kesho unaihamishia nyumba nyingine. Hasara yake ni ule msongamano wa msimu, na kuta. Masafa ya chini ya mawimbi ya simu, ya MHz 700 hadi 900, hupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu, lakini masafa ya juu ndiyo yenye nafasi ya kubeba data nyingi. Ndiyo maana chumbani simu inaonyesha vijiti vyote na bado video inaganda. Usiamini vijiti. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta uangalie namba ya nguvu ya mawimbi, ile inayoandikwa kwa dBm. Ikiwa karibu na -80 uko vizuri. Ikishuka kupita -110, hamisha ruta dirishani upande wa mnara, au nunua ruta yenye matundu ya antena ya nje. Antena iliyofungwa juu ya paa inaweza kufanya kazi ambayo kubadilisha kampuni hakufanyi.

Kabla ya kununua bando, soma maandishi madogo ya "bila kikomo". Kampuni nyingi hupunguza kasi ukishavuka kiasi fulani. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kumaliza zaidi ya GB 1, kwa hiyo piga hesabu ya mwezi mzima wa vikao vyako kwanza, si ya siku.

Setilaiti za mzunguko wa chini, kama za Starlink zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, naziweka ya tatu. Penye faiba sioni sababu ya kuzinunua. Ufukwe ukiwa nje ya mji, zinapanda hadi ya kwanza. Masharti yake ni mbingu wazi: mnazi mmoja unaoyumba mbele ya dishi unatosha kukata sauti kila dakika chache. Mvua kubwa nayo huzisumbua. Dishi hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida, hivyo UPS ile ndogo haitoshi. Na hakikisha huduma imeruhusiwa katika nchi uliyopo, kwa kuwa si kila nchi imetoa leseni.

Usichanganye hizo na setilaiti za zamani zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko ishara peke yake inatumia karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, na hakuna ruta itakayorekebisha hilo. Barua pepe zitapita. Mazungumzo mtakatizana mpaka mchoke.

Ofisi za pamoja za kukodi kwa siku ni za nne kwa mtu anayekaa muda mrefu, lakini kwa wiki mbili ningeanza nazo. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kuna jenereta au betri, na kuna chumba cha kupigia simu? Wi-Fi ya hoteli au nyumba ya wageni ni ya mwisho. Inajaribiwa asubuhi kukiwa kimya, kisha saa mbili usiku kila mgeni anatazama filamu. Mwombe mwenyeji akupimie saa hiyohiyo ya usiku, akutumie picha ya matokeo yenye kasi ya kupakia.

Chochote utakachochagua, weka njia ya pili isiyopita palepale. Hapa watu hujidanganya: wananunua laini mbili za kampuni mbili, kumbe kampuni zote zimefunga vifaa kwenye mnara mmoja, na mnara ukizima zote zinazima. Faiba na laini ya simu ni jozi nzuri. Setilaiti na laini ya simu pia. Kuna hitilafu ambayo jozi ya faiba na simu haiikwepi, nayo ni kukatika kwa mkongo wa baharini, ule waya mkubwa wa chini ya bahari unaoiunganisha nchi na intaneti ya dunia. Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilikaa wiki tano hivi bila mkongo wake wa kimataifa baada ya volkano ya Januari 2022, na setilaiti ndizo zilizobeba kidogo kilichopita.

Mambo madogo ya mwisho, ambayo hayagharimu kitu au karibu bure. Unganisha kompyuta kwa waya wakati wa kikao. Zima upakiaji wa picha kwenye simu, kwani simu ikianza kutuma picha zako za ufukweni kwenye hifadhi ya mtandaoni, sauti yako ndiyo inayokatika. Maungio ya waya yaliyoko nje yafunikwe yasiingie hewa ya chumvi, na yakaguliwe kutu kila baada ya miezi michache. Lipia mwezi mmoja mmoja mpaka upite msimu mmoja wa wageni. Mkataba wa mwaka usaini baada ya hapo.